Hesabu ya Vitanga Viwili

Katika kijiji kimoja cha wakulima wa kahawa, chini ya Mlima Meru, alikuwako kijana mmoja aliyekuwa akisoma darasa la sita. Katika kusoma na kuandika alikuwa hodari, wala katika hesabu za kawaida hakuwa nyuma ya wenzake. Lakini walipoanza kufundishwa aljebra, yaani hesabu ambayo ndani yake herufi husimama mahali pa namba isiyojulikana, moyo wake uliingia giza. Alikuwa amezoea kuona namba peke yake. Sasa aliona herufi x imeketi katikati ya namba, naye hakujua mgeni huyo ametoka wapi wala anataka nini.

Siku moja mwalimu aliandika ubaoni hesabu tatu, akawaambia wanafunzi wakazifanye nyumbani. Hesabu zenyewe ni hizi:

Ya kwanza: 2x + 3 = 11
Ya pili: 5x – 4 = 3x + 10
Ya tatu: 3(x + 6) = 30

Mwalimu akasema, "Hesabu ya namna hii huitwa mlinganyo, kwa sababu upande wa kushoto unalingana na upande wa kuume. Kazi yenu ni kutafuta x ni namba gani."

Usiku ule kijana alikaa mbele ya taa, daftari limefunguliwa. Aliandika hesabu ya kwanza, akaitazama. Akaifuta. Akaiandika tena. Mama yake alimwuliza, "Mwanangu, kuna shida?" Akajibu, "Hakuna, mama." Aliona haya kusema kwamba kuna jambo asilolijua. Taa ikazimwa, na ukurasa ulikuwa mtupu.

Asubuhi yake, njiani kwenda shuleni, alimkuta rafiki yake ameketi juu ya jiwe. Akamwomba daftari, akanakili kila mstari upesi upesi, akaandika majibu matatu kama alivyoyakuta: 4, na 7, na 8. Kisha akarudisha daftari, akaenda zake akipiga mluzi. Kazi imekwisha.

Mwalimu alipokusanya madaftari na kuyasahihisha, aliona kwamba hesabu ya tatu imekosewa katika madaftari mawili, na kosa ni lile lile, mstari kwa mstari. Akili mbili huweza kupata jibu moja lililo sawa, maana kweli ni moja. Lakini njia za kukosea ni nyingi, na watu wawili wakikosea kwa hatua zile zile, mara nyingi mmoja amemfuata mwenziwe.

Mwalimu hakusema neno. Alimwita kijana mbele ya darasa, akampa chaki, akaandika ubaoni: 2x + 5 = 11. Ilikuwa ni ile hesabu ya kwanza, ila namba moja imebadilishwa. Kijana alisimama na chaki mkononi. Alijua jibu la jana, lakini jibu la jana halikufaa kitu leo. Wenziwe wakaanza kucheka. Mwalimu akawanyamazisha, akamwambia kijana arudi mahali pake.

Masomo yalipokwisha, mwalimu alimzuia kidogo. Akamwuliza kwa upole, "Ni nani aliyekusaidia hesabu zako?"

Kijana aliinamisha kichwa, akasema, "Hakuna aliyenisaidia, mwalimu. Nilinakili."

Mwalimu akasema, "Umesema kweli kuliko unavyodhani. Yule aliyekupa majibu hakukusaidia, maana kama angalikusaidia ungaliweza kuifanya hesabu hii leo bila yeye. Kuomba msaada si aibu. Hata mimi niliomba, na hivi leo naomba. Lakini msaada una desturi yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa akienda kwa mganga asionyeshe mahali panapouma, mganga atamtibu nini? Basi nenda nyumbani, ukaanze tena. Andika mpaka mstari wa mwisho unaouelewa. Unapokwama, piga mstari chini yake, na hapo uandike swali lako kwa maneno. Ndipo umtafute mtu wa kumwuliza."

Jioni ile kijana alifanya kama alivyoambiwa. Mstari wa kwanza alioandika ulikuwa 2x + 3 = 11, na wa mwisho ulikuwa huo huo, maana hakuweza kwenda mbele. Chini yake akaandika: "Hii 3 nitaiondoaje?" Akachukua daftari, akaenda kwa babu yake, aliyekuwa na duka dogo hapo zamani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana?"

Kijana akamweleza. Babu akalitazama daftari, akatikisa kichwa, akasema, "Herufi zako hizi mimi sikufundishwa. Lakini nisomee kwa maneno ya watu. Mstari huu unasema nini?"

Kijana akafikiri, kisha akasema, "Unasema kwamba vitu viwili vyenye uzito mmoja, pamoja na tatu, ni sawa na kumi na moja."

"Ala!" akasema babu. "Hayo ni maneno ya dukani." Akaingia ndani, akatoa mizani yake ya zamani yenye vitanga viwili, na mawe yake. Akampa kijana mgongo, akajaza maharagwe katika mifuko miwili, asimwonyeshe ni kiasi gani. Akaiweka mifuko ile juu ya kitanga cha kushoto, akaongeza mawe ya kilo 3. Juu ya kitanga cha kuume akaweka mawe ya kilo 11. Mizani ikasimama sawasawa.

"Mifuko hii imelingana," akasema babu. "Niambie kila mmoja una kilo ngapi, lakini usiutie mkononi."

Kijana akanyosha mkono, akaondoa zile kilo 3 za kushoto. Mara kitanga cha kuume kikashuka kwa kishindo.

"Umefanya nini?" akauliza babu.

"Nimeondoa tatu."

"Upande gani?"

"Upande mmoja."

"Na mizani inasema nini?"

Kijana akanyamaza kidogo. Kisha, pasipo kuambiwa, akaondoa kilo 3 upande wa kuume pia. Vitanga vikapanda na kushuka, vikatulia sawasawa. Sasa kushoto palikuwa na mifuko miwili peke yake, na kuume palikuwa na kilo 8. Kijana akasema kwa sauti kubwa, "Kilo 4, babu! Kila mfuko una kilo 4!"

"Mimi sijui," akasema babu. "Upime."

Akaupima mfuko mmoja peke yake, akaona ni kilo 4 kamili. Ndipo akaandika katika daftari lake:

2x + 3 = 11
2x = 8
x = 4

Na chini yake akaandika kipimo chake: mara mbili 4 ni 8, na 3 ni 11. Babu hakumpa jibu hata moja. Alimpa mizani na maswali tu. Lakini usiku ule kijana alilala akiwa na kitu ambacho hakuna awezaye kukinakili.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu kabla ya kengele, na safari hii swali lake lilikuwa katika hesabu ya pili. Alikuwa ameandika, "Katika mizani naweza kuondoa jiwe. Lakini 5x – 4 imekwisha kuondolewa 4. Nitaondoaje kitu ambacho hakipo?"

Mwalimu alifurahi, akasema, "Swali hili linafaa darasa zima." Basi walipokwisha kukusanyika, akawaeleza habari ifuatayo.

Yapata mwaka 820, katika mji wa Baghdad, mtaalamu aitwaye Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu. Khalifa wa wakati ule alikuwa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata mwaka 833, mpenda elimu. Al-Khwarizmi alisema kwamba hesabu zake ni za kuwafaa watu katika mambo ya urithi na wasia, ya kugawana mali, ya mashauri na biashara, na ya kupima ardhi. Katika kitabu kile hamna x, wala hamna alama ya kulinganisha. Kila hesabu imeelezwa kwa maneno matupu, kama kijana alivyomsomea babu yake. Alama ya mistari miwili, =, ilitumiwa kwanza katika kitabu cha Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557. Alichagua mistari miwili iliyo sambamba na yenye urefu mmoja kwa kuwa aliona hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Na desturi ya kuandika x kwa kitu kisichojulikana ilienea baada ya kitabu cha René Descartes, Mfaransa, mwaka 1637.

Al-Khwarizmi alifundisha njia mbili kubwa. Ya kwanza aliiita al-jabr, na kwa neno hilo hesabu hii yote imepata jina lake, aljebra. Maana ya jabr ni kurudisha kilichopunguka au kuunga kilichovunjika. Katika Hispania ya zamani hata mtu wa kuunga mifupa aliitwa algebrista. Basi 5x – 4 ni kama mfupa uliovunjwa: imepungukiwa na 4. Huponywa kwa kurudishiwa 4 yake. Lakini mizani haina upendeleo. Ukiongeza 4 upande huu, huna budi kuongeza 4 upande ule:

5x – 4 = 3x + 10
5x = 3x + 14

Njia ya pili aliiita al-muqabala, na neno hili Waswahili ni jamaa zake, maana mkabala na kukabili yametoka katika asili hiyo hiyo. Vitu vya namna moja vilivyo pande mbili hukabilishana, na vilivyo sawa huondolewa pamoja. Kushoto ziko x tano, kuume ziko x tatu. Ondoa tatu pande zote mbili:

2x = 14
x = 7

"Sasa," akasema mwalimu, "nani ataniambia kama 7 ni kweli?"

Kijana akainua mkono. "Mara tano 7 ni 35, toa 4, yabaki 31. Na mara tatu 7 ni 21, ongeza 10, zapatikana 31. Mizani imesimama."

Ndipo mwalimu akawaambia habari ya mtu wa kale zaidi. Katika nchi ya Misri, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi aitwaye Ahmes aliandika hesabu nyingi juu ya karatasi ya mafunjo, ambayo imehifadhiwa katika British Museum, mjini London. Moja ya hesabu zake ni hii: kiasi fulani, kikiongezwa sehemu yake ya saba, huwa 19, ni kiasi gani? Ahmes alianza kwa kukisia 7, kwa sababu sehemu ya saba ya 7 ni 1, na jumla yake ni 8. Kisha akatafuta 8 izidishwe kwa ngapi hata ifike 19, naye akakizidisha kisio chake cha 7 kwa kiasi hicho hicho. Akapata kumi na sita na nusu na sehemu moja ya nane. Hakuishia hapo: akaandika pia sehemu ya saba ya jibu lake, akazijumlisha mbili hizo, akaonyesha kwamba zimefika 19. "Ahmes naye alinakili," akasema mwalimu, "maana yeye mwenyewe ameandika kwamba kazi yake aliitoa katika maandiko ya zamani zaidi. Lakini alinakili njia pamoja na jibu, na kipimo pamoja na njia. Ndiyo sababu ametufaa hata leo."

Ikabaki hesabu ya tatu. Mwalimu akachora ubaoni vikapu vitatu, akasema, "Hizi alama mbili zilizoikumbatia x + 6 huitwa mabano. Mabano ni kama kikapu. Ndani ya kila kikapu mna x na machungwa 6. Vikapu ni vitatu. Machungwa ninayoyajua ni mangapi?"

"Kumi na nane!" wakajibu wote.

Kijana akalitazama daftari lake. Katika mstari alioununua bila bei palikuwa pameandikwa 3x + 6 = 30, ndipo 3x = 24, ndipo x = 8. Aliyeandika hivyo alihesabu machungwa ya kikapu kimoja, akayasahau ya vikapu viwili. Akajaribu kurudisha 8 mahali pake: 8 na 6 ni 14, mara tatu ni 42. Si 30! Mizani ilikuwa imeanguka tangu siku ya kwanza, wala hakuna aliyeitazama. Akaandika upya:

3(x + 6) = 30
3x + 18 = 30
3x = 12
x = 4

Naye akapima: 4 na 6 ni 10, mara tatu ni 30.

Walipotoka nje, rafiki yake alikuwa amekasirika. Akasema, "Nilikupa kazi yangu kwa wema, nawe umeniletea aibu." Kijana akajibu, "Aibu ni yangu, kwa kuwa nilichukua bila kuuliza. Kama ningalikuuliza kwa nini umeandika 6 na si 18, wewe mwenyewe ungaliliona kosa. Nimekunyima msaada wangu, nawe umeninyima wako." Rafiki yake akatafakari maneno hayo, hasira ikapoa. Tangu siku ile wakapatana kufanya kazi pamoja kwa sharti moja: mwenye kujua asitaje jibu, bali aulize kwanza, "Umefika wapi?"

Miezi michache ikapita. Msimu wa kahawa ulipofika, mama yake kijana alipeleka magunia matatu kwa mnunuzi, akarudi na stakabadhi. Juu yake pameandikwa kwamba kila gunia lilikuwa na kilo 62, na kwamba kahawa peke yake, baada ya kuondoa uzito wa magunia matupu, ilikuwa kilo 177. Mama akasema, "Naona ni kidogo, lakini sijui kosa liko wapi."

Kijana akaketi, akauita uzito wa gunia moja tupu y, akaandika:

3(62 – y) = 177

Kama angaliyasahau mabano kama siku zile, angalipata 186 – y = 177, na y ingalikuwa 9, yaani gunia tupu lenye kilo tisa, jambo la kuchekesha; na mnunuzi angalimfukuza. Lakini aligawanya pande zote mbili kwa 3:

62 – y = 59
y = 3

Akasema, "Mama, wameondoa kilo 3 kwa kila gunia. Magunia yetu yana uzito huo?" Mama akatoa gunia tupu lililofanana na yale. Wakaenda wote wawili kwa mnunuzi, wakamsalimu kwa heshima, wakamwomba alipime mbele yao. Likawa kilo 1. Karani akaitazama hesabu ya kijana, kisha yake mwenyewe, akakiri kwamba amekosea. Akaandika stakabadhi mpya: mara tatu 61, kilo 183. Mama akalipwa zile kilo 6 zilizopotea.

Njiani mama akamwuliza, "Ni nani aliyekufundisha haya?" Kijana akajibu, "Mwalimu, na babu, na rafiki yangu." Akafikiri, akaongeza, "Na kosa moja." Wahenga walisema kweli: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini na aulizaye aangalie anauliza nini. Anayeomba jibu hupewa jibu, nalo huisha siku ile ile. Anayeomba njia hupewa njia, nayo humfikisha hata mahali ambapo hapana wa kumwuliza.

MASWALI

1. Mwalimu alitambuaje kwamba kijana amenakili?
2. Babu hakufundishwa herufi x. Basi alimsaidiaje mjukuu wake?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe maana ya al-jabr na al-muqabala.
4. Tafuta namba isiyojulikana katika kila mlinganyo, kisha rudisha jibu lako mahali pake uone kama mizani imesimama:
(a) 4x + 5 = 29
(b) 7x – 6 = 4x + 9
(c) 2(x + 8) = 34
(d) 5(40 – y) = 190
5. Ukikwama katika mlinganyo mmojawapo, andika mstari wa mwisho unaouelewa, na chini yake swali utakalomwuliza mwenzako.